Kishazi Rejeshi, Kauli ya Kutendwa na Swali la Nani Alipe: Mfano wa Kisii na Nyamira

Miongoni mwa maumbo ya Kiingereza yanayowasumbua wafasiri na walimu wa Kiswahili, limo moja ambalo limejadiliwa kidogo mno: kishazi rejeshi chenye kitenzi kisaidizi cha uwezo au cha lazima, kikifuatwa na kitenzi cha kutendwa. Mifano yake ni mafungu kama "the fee which must be paid" na "land which may be sold". Makala haya yanakusudia kuhakiki jinsi umbo hilo linavyoingizwa katika Kiswahili cha ofisini, cha mahakamani na cha darasani katika nchi ya Wagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira. Yanakusudia pia kuyapinga maelezo mawili yaliyozoeleka: kwamba Kiswahili hakina njia ya kulieleza jambo hilo ila kwa kuunganisha amba-, weza na -wa, na kwamba uzito wa sentensi zinazozaliwa na muungano huo ni athari ya Ekegusii.

Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu maalumu. Nyamira ilitengwa na Kisii kuwa wilaya ya pekee, na tangu 2013 kila moja ni kaunti yenye bunge lake na ofisi zake. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, wengi wao wakiishi kwa mashamba madogo ya chai, ndizi na mahindi. Karatasi zinazotawala maisha ya watu hawa, kama vile mikataba ya viwanda vya chai, hati za ardhi, fomu za mikopo na hati za kuitwa shaurini, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, hufafanuliwa kwa Kiswahili, kisha hujadiliwa nyumbani kwa Ekegusii. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lakini kifungu cha 259 cha Katiba hiyo hiyo kinaeleza kwamba matini zake za lugha mbalimbali zikipingana, ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda. Katika mahakama za chini sheria inaruhusu Kiingereza au Kiswahili. Katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani lugha ya sheria ni Kiingereza. Basi neno lililofasiriwa ovyo mbele ya hakimu hupanda ngazi na kurudi katika Kiingereza, na yule aliyelisikia kwa Kiswahili hana tena njia ya kulifuata.

Kwanza yafaa umbo lenyewe la Kiingereza lifahamike. Katika "the fee which must be paid", kila neno lina kazi yake: "which" hurejesha, "must" hubeba lazima, "be paid" huonyesha kutendwa. Kitu kimoja tu hakimo, naye ni mtu wa kulipa. Kauli ya kutendwa imemfukuza mtenda, na kitenzi kisaidizi hakina nafasi ya kumtaja yule ambaye lazima inamwangukia. Wala Kiingereza hakilazimishwi na sarufi yake kufanya hivyo, kwani mtu anaweza kusema vizuri kabisa "the fee which the member must pay".

Hapo ndipo utafiti wa Keenan na Comrie wa 1977 unapofaa kukumbukwa. Wataalamu hao walionyesha kwamba lugha hutofautiana katika nafasi ambazo zaweza kurejeshwa, na kwamba nafasi iliyo nyepesi kuliko zote ni ya kiima. Ziko lugha, na Kimalagasi ni mfano uliopata umaarufu, ambazo haziruhusu yambwa irejeshwe moja kwa moja. Msemaji hana budi kuigeuza kwanza yambwa kuwa kiima kwa njia ya kutendwa. Katika lugha ya namna hiyo mtu angeweza kusema kwamba kutendwa ndani ya kishazi rejeshi ni shuruti ya sarufi. Kiswahili hakimo katika kundi hilo. "Ada anayoilipa mwanachama" ni Kiswahili safi, na yambwa imerejeshwa bila kugeuzwa. Kwa hiyo kila panapotokea kutendwa katika kishazi rejeshi cha Kiswahili, pana haki ya kuuliza ni kwa sababu gani mtenda ameondolewa. Katika Kiswahili cha ofisini jibu huwa moja: ameondolewa kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kimekwisha kumwondoa.

Sarufi zinazotumika hazimsaidii sana mfasiri katika jambo hili. Kitabu cha Ashton cha 1944, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mwalimu wa walimu, kinaeleza virejeshi kwa makini, kinaeleza kutendwa, na kinaitenga vyema kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Kasoro ni kwamba kila jambo lina mahali pake, na mwanafunzi haonyeshwi yanavyokutana katika kitenzi kimoja. Polomé, katika kitabu chake cha 1967, yu mwangalifu zaidi kwa upande wa maumbo. Vitale, aliyeandika juu ya sintaksia ya Kiswahili mwaka 1981, anashughulika na nadharia, naye hapaswi kulaumiwa kwa kutoandika kitabu cha wafasiri. Kwa upande wa Ekegusii, Whiteley alitoa utangulizi wa lugha hiyo mwaka 1956 na uchunguzi wa njeo zake mwaka 1960, na Cammenga akaandika juu ya fonolojia na mofolojia yake mwaka 2002. Hizo ni kazi za thamani. Hata hivyo mwalimu wa Nyamira anayetaka kujua la kufanya na "which may be" hubaki peke yake na kamusi, nayo kamusi humwambia kwamba "may" ni weza. Huo ndio mwanzo wa maradhi.

Wilayani Gucha ya zamani, upande wa Mugirango Kusini, pana Tabaka, panapochimbwa lile jiwe laini linalochongwa sanamu, bakuli na bodi za mchezo wa sataranji na kuuzwa hata ng'ambo. Tuseme mfasiri anataka kueleza kwa Kiswahili jiwe ambalo, kwa Kiingereza, "can be carved". Mfasiri wa kamusi ataandika "jiwe ambalo linaweza kuchongwa". Si kosa, lakini mchongaji hasemi hivyo. Yeye husema "jiwe linalochongeka". Kiambishi -ek- kimebeba kwa pamoja mambo mawili ambayo Kiingereza kimeyagawa kati ya "can" na "be carved": uwezekano, na kutokutajwa kwa mtenda. Tena kimeongeza jambo la tatu, ambalo Kiingereza hakikulisema, kwamba uwezekano huo umo katika tabia ya jiwe lenyewe: ni laini, halipasuki ovyo, linakubali kisu. "Jiwe linaloweza kuchongwa" laweza kuwa jiwe lolote, hata lile gumu, mradi pana chombo cha kulichongea au ruhusa ya kulichonga. Na "jiwe la kuchonga" ni kitu kingine tena: ni jiwe lililotengwa kwa kazi hiyo, linalongoja mkono wa fundi. Hapo kitenzi-jina kimesimama katika kauli ya kutenda, ilhali jiwe ndilo litakalotendwa. Ndivyo ilivyo pia katika "maji ya kunywa", "nguo za kufua" na "barua ya kujibu". Mswahili hasemi "maji ya kunywewa" isipokuwa ana jambo maalumu la kusisitiza. Kiingereza hupenda hapa kutendwa; Kiswahili hukichukia kutendwa kisichokuwa na kazi.

Mfano wa barabara unaonyesha hatari iliyo kubwa zaidi. Nchi ya Wagusii ni ya vilima, na mvua ikinyesha mfululizo barabara za udongo hutelezesha mno. Barabara ya namna hiyo kwa Kiswahili "haipitiki". Mtu akiandika katika tangazo "barabara ambayo haiwezi kupitwa", amefuata Kiingereza neno kwa neno, kisha ameishia katika kichekesho, kwani kupitwa ni jambo la gari lililoachwa nyuma na gari jingine. Umbo moja la mnyambuliko lingemwokoa.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba -ik- ni dawa ya kila kitu. Wapo walimu ambao, wakiisha kugundua uzuri wake, huwafundisha wanafunzi kwamba kila neno la Kiingereza lenye kimalizio "-able" lifasiriwe kwa kutendeka. Fundisho hilo linafaa kwa mwandiko "readable", yaani unaosomeka, na linaharibika mara moja likifika katika fedha. Neno "payable" limeumbwa sawasawa na "readable", lakini katika mkataba halielezi uwezekano, bali lazima: deni "payable" ni deni ambalo wakati wake umefika na halina budi kulipwa. Likifasiriwa "deni linalolipika", maana imepinduliwa. Kwa mkulima anayepeleka majani yake katika kiwanda cha Kebirigo, Sanganyi, Ogembo au Kiamokama, deni linalolipika ni habari njema, kwa kuwa ni deni dogo ambalo mtu analimudu kwa malipo yake ya mwezi au kwa bonasi ya mwisho wa mwaka. Atatia kidole cha gumba kwa furaha. Karatasi ya Kiingereza haikuwa imesema lolote juu ya kumudu. Kati ya "linalolipika", "la kulipa", "linalolipwa" na "linalopaswa kulipwa" pana tofauti ambazo mzee asiyekwenda shule anazisikia barabara. Ni mfasiri aliyesoma ndiye anayeziziba.

Neno pasa lastahili kuzingatiwa zaidi, maana ndilo linalotumiwa kwa "must" na "should" pamoja. Katika asili ya matumizi yake, pasa huhitaji mtu: yanipasa, yakupasa, yampasa mwanachama alipe ada. Swali la "nani" limo ndani ya kitenzi, katika nafasi ya yambwa, na anayelikwepa huacha pengo linaloonekana. Baadaye likatumika sana umbo la kutendwa, paswa, ambalo kwalo mtu huwa kiima: mwanachama anapaswa kulipa ada. Hadi hapo hapana hasara, kwa kuwa mtu bado yupo. Hasara imeingia katika hatua ya tatu, pale ada yenyewe ilipofanywa kiima: "ada inayopaswa kulipwa". Sasa pana kutendwa mara mbili, katika paswa na katika lipwa, na kwa mantiki ya maneno ni ada iliyobebeshwa wajibu. Ada haina mfuko. Fungu hilo limeenea mno, na haliwezi tena kuitwa kosa. Limekuwa Kiswahili kwa nguvu ya mazoea. Lakini mfasiri anayelitumia ajue amechagua nini. "Ada ambayo yampasa mwanachama kuilipa" ni refu kwa maneno machache tu, nalo limejibu swali ambalo katika mkutano wa chama cha ushirika ndilo swali la kwanza kuulizwa: alipe nani, mkulima au chama?

Ugumu mwingine ni wa neno lazima. Hilo si kitenzi, na kwa hiyo halipokei kirejeshi. Haiwezekani kuliingiza -yo- ndani yake kama inavyowezekana katika inayopasa. Mtu hana budi kusema "ambayo ni lazima ilipwe" au, kwa mtindo wa kale kidogo, "iliyo lazima kulipwa". Hapa amba- ina kazi ya haki, na wale wanaoipiga vita amba- popote waionapo, kana kwamba ni magugu shambani, wangefaa kupunguza ukali. Amba- imetokana na kitenzi cha kusema, kuamba, na ustadi wake ni kubeba kishazi ambacho kitenzi chake hakiwezi kujibebea kirejeshi chenyewe. Kosa liko katika kuitumia palipo na kitenzi chenye nguvu zake, kama katika "ambayo inaweza kulipwa" badala ya "inayoweza kulipwa" au "iwezayo kulipwa", bila sababu ya urefu wala ya umbali wa maneno.

Mambo haya yote huwa mazito zaidi panapoingia ukanushi, na hakuna mahali ambapo ukanushi una thamani kama katika ardhi. Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya 1967 inabatilisha miamala ya ardhi ya kilimo katika maeneo yanayohusika ikiwa bodi ya udhibiti haikutoa idhini. Katika nchi ambayo mashamba yamegawanywa kwa wana na kwa wajukuu mpaka mengine yamekuwa vipande vidogo, kila jamaa ina habari ya kipande kilichouzwa bila idhini. Chukua basi fungu la Kiingereza "land which may not be sold". Katika maandishi lina maana mbili: ardhi isiyoruhusiwa kuuzwa, na ardhi ambayo huenda isiuzwe. Msemaji wa Kiingereza huzitenganisha kwa mkazo wa sauti, nao mkazo hauandikwi. Kiswahili kina bahati kubwa hapa, kwa sababu ukanushi wake una makao zaidi ya moja. "Shamba lisiloweza kuuzwa" limeukanusha uwezo. "Shamba linaloweza kutouzwa" limeukanusha uuzaji wenyewe na kuuacha uwezo ulivyo. Anayetaka ruhusa hasa, si uwezo, ana "lisiloruhusiwa kuuzwa". Anayetaka kubahatisha ana "ambalo huenda lisiuzwe". Hivyo mfasiri wa Kiswahili analazimika kuamua jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza aliliacha bila kuliamua. Huo ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa heri, maana afadhali shaka ionekane mezani kwa karani kuliko kuja kuonekana mahakamani.

Katika lazima mambo ni yale yale, ila mtego uko mahali pengine. Kiingereza kina "must not be paid" na "need not be paid", mambo mawili yaliyo mbali sana: la kwanza ni katazo, la pili ni hiari. Kiswahili cha ofisini hutumia kwa yote mawili "isiyopaswa kulipwa", na msikilizaji hajui kama amekatazwa au amesamehewa. Hapana haja ya kuwa hivyo. "Ambayo si lazima ilipwe" na "ambayo ni lazima isilipwe" hazichanganyiki hata kidogo, na tofauti yake imebebwa na mahali pa kukanusha tu. Na anayeona fungu la pili zito anaweza kusema moja kwa moja "iliyokatazwa kulipwa", au vizuri zaidi kumtaja yule aliyekatazwa kuilipa.

Upo pia ukanushi wa kirejeshi kwa -si-, ambao hauna njeo. "Ada isiyolipwa" yaweza kuwa ile ambayo haijalipwa, ile ambayo hailipwi kamwe, na hata ile ambayo haitalipwa. Kwa hiyo katika zahanati au hospitali, mgonjwa akisoma "huduma zisizolipwa" ana haki ya kufikiri mawili matatu. Neno lililotakiwa ni "zisizolipiwa", ambapo kauli ya kutendea imekuja kuonyesha kwamba kinacholipiwa ni huduma. Jambo ni dogo, herufi moja, lakini kwa mgonjwa asiyekuwa na fedha si dogo.

Tatizo la kiungo na yafaa litajwe kwa ufupi. Mtenda wa kauli ya kutendwa hutajwa kwa na, ambayo pia ni kiunganishi. "Shamba linaloweza kuuzwa na mke wa marehemu" ni sentensi ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuisoma kama ardhi iuzwayo pamoja na mwanamke. Hakuna hakimu atakayeikubali maana hiyo. Lakini katika orodha ndefu, ambapo na ya mtenda imefuatwa na na tatu za kuunganisha, hata msomaji mwema hupotea: ni nani wauzaji na ni vitu gani vinavyouzwa? Kauli ya kutenda huondoa utata huo kwa urahisi, "shamba awezalo kuliuza mke wa marehemu", huku kiima kikiwa kimehamia nyuma ya kitenzi kama ilivyo desturi ya vishazi rejeshi vya yambwa. Umbo hili la mwisho, lenye kirejeshi katika kitenzi cha kwanza na kiwakilishi cha yambwa katika cha pili, ni mojawapo ya mapambo ya Kiswahili ambayo ofisi imeyasahau.

Inabaki dai la pili, kwamba uzito huu wote ni wa Ekegusii. Dai hilo husikika katika vyumba vya walimu na limepata hata kuingia katika tasnifu: kwamba mwanafunzi wa Kisii huandika "ambacho kinaweza kufanywa" kwa sababu ndivyo asemavyo kwao. Dai hili halina mguu wa kusimamia. Ekegusii hakina amba- wala chochote kilichotokana na shina hilo. Kutendwa kwake kunafanywa kwa -w-, sawa na Kiswahili: -ibora ni zaa, -iborwa ni zaliwa. Kitenzi cha uwezo, -nyara, hakina undugu wa sauti na weza. Mtu aliyelelewa katika lugha hiyo hana sababu ya kuipenda amba- kuliko mtu wa Lamu. Tena sentensi hizo hizo zenye kulemewa zimejaa katika magazeti ya Nairobi na katika taarifa za Dar es Salaam, zilizoandikwa na watu wasiojua hata salamu ya Ekegusii. Athari yenye sura moja kila mahali haiwezi kuwa na asili katika vilima vya Manga peke yake. Kinachopatikana Nairobi, Dar es Salaam na Nyamira kwa pamoja ni Kiingereza cha serikali.

Labda dai hilo limezaliwa na sikio. Ekegusii kina irabu saba, na kina ile kanuni ya sauti iitwayo kanuni ya Dahl, ambayo hugeuza k ya kiambishi kuwa g inapofuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna. Ndiyo maana kusoma ni ogosoma, ilhali kujua ni okomanya. Mwalimu aliyetoka kwingine husikia g mahali alipotarajia k, huitambua haraka kuwa ni ya nyumbani, na tangu hapo kila kosa la mwanafunzi, hata la sintaksia, hulipeleka nyumbani vile vile. Lafudhi imefanywa shahidi katika kesi isiyoihusu. Madhara yake si ya kitaaluma tu. Mtoto anayeambiwa kwamba lugha ya mama yake ndiyo inayomharibia Kiswahili hufundishwa kuionea haya, wakati mkosaji wa kweli, Kiingereza, amekaa katika kiti cha mbele na kuitwa mgeni wa heshima.

Namna ya kufundisha inachangia. Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, na kwa muda mrefu zoezi lililopendwa lilikuwa la kugeuza sentensi: tendesha, tendwa, rejesha, kanusha. Mwanafunzi hupewa "Mkulima anaweza kuuza shamba", huambiwa aitie katika kauli ya kutendwa, kisha aifanye kuwa kishazi rejeshi, naye huandika "shamba ambalo linaweza kuuzwa na mkulima" na kupata alama zake. Jibu ni sahihi kwa umbo. Lakini hakuulizwa hata mara moja kama sentensi aliyoiandika inatumika wapi, nani angeisema, na kwa nini asiseme "shamba la kuuza" au "shamba linalouzika". Katika Kiingereza, mwalimu wa chumba cha pili humfundisha zoezi lile lile kwa "which can be sold". Mazoezi mawili yakikutana katika kichwa kimoja, kila moja huthibitisha jingine, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba lugha zote zimekatwa kwa mkasi mmoja. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023 na mtaala mpya umeshika nafasi ya ule wa zamani katika shule za msingi; ni wakati mzuri wa kuacha kumpa mtoto sentensi ya kugeuza na badala yake kumpa hali ya kueleza.

Neno moja limeachwa mpaka hapa kwa sababu ni gumu kuliko yote, nalo ni "shall". Katiba ya Kenya ya 2010 imelitumia kila mahali kwa kuamuru; waandishi wa Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kwa kutaka kueleweka na raia, walichagua "must". Wafasiri wengi wa Kiswahili hulipa "shall be" umbo la wakati ujao: "ada itakayolipwa", "mjumbe atakayechaguliwa". Ndani ya kishazi kikuu wakati ujao unaweza kuamuru, kama mzee anapomwambia kijana "utakwenda Keroka kesho", na kijana akajua hana hiari. Ndani ya kishazi rejeshi nguvu hiyo hupotea. "Ada itakayolipwa na kila mwanachama" humwambia msikilizaji kwamba siku moja ada italipwa; haimwambii kwamba asipolipa ana kosa. Kiambishi -taka- katika kirejeshi kimebaki na kumbukumbu ya kitenzi taka, lakini si kutaka kwa mwenye amri. Wala pasa haifai kila mahali, kwa maana "shall" ya sheria haishauri. Huenda dhamira tegemezi ndiyo njia iliyo karibu zaidi, "ada ambayo sharti ilipwe na kila mwanachama", na neno sharti, lililotoka katika mikataba ya zamani ya pwani, likarudishiwa kazi yake. Karani wa bunge la kaunti anayeandaa tangazo la ada za soko la Daraja Mbili anaweza kulijaribu katika tangazo lake lijalo, kisha awasikilize wauza ndizi wanavyolisoma.